Misimu Mitatu ya Mama Mayai

Kabla watu wasiomjua hawajambandika jina la Mama Mayai, wanafunzi wake walimwita Breki. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari la kufundishia lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wa abiria, chini ya mguu wake wa kulia. Mguu huo haukuwahi kusinzia. Mwanafunzi akikanyaga mafuta alipotakiwa kusimama, Breki alikuwa ameshakanyaga kitambo, na sauti yake ilitoka taratibu kama ya mtu anayeulizia saa: "Haya, tumesimama. Ulikuwa unatupeleka wapi?" Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mume fundi bomba, na binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Ndoto yake ilikuwa apate gari lake mwenyewe, aachane na tajiri wa shule ya udereva, mtu ambaye hata kubadilisha matairi yaliyokwisha alikuona ni anasa.

Aliyemwingiza matatani ni dada yake mkubwa. Dada huyo aliuza nguo kwa simu, na simu yenyewe haikumtoka mkononi hata akilala. Siku moja aliomba lifti, akakaa kiti cha nyuma, akamrekodi mdogo wake akimfundisha daktari wa meno kurudi nyuma kichochoroni. Daktari aligonga pipa la taka, akaliomba radhi. Breki akamwambia pipa limeshasamehe, tuendelee. Dada alicheka hadi machozi yakamtoka, na bila kumuuliza mtu akaipeleka video ile kwa watu wa Paa Moja.

Paa Moja kilikuwa kipindi cha televisheni ambacho watu walikuwa wakiahirisha hata misiba kukitazama. Watu kumi wasiojuana walifungiwa katika nyumba yenye ukuta mrefu pembezoni mwa mji, bila simu wala saa, kamera kila pembe. Kila wiki watazamaji walipiga kura, na mmoja akatolewa. Aliyebaki mwisho aliondoka na zawadi nono. Walipompigia Breki, alidhani ni matapeli, akakata. Walipopiga tena, dada yake alikuwa ameshafika mlangoni, ana tabasamu la mtu aliyetega mtego akasikia kishindo.

Mume hakupinga. Alisema kwa miaka yote hiyo mke wake amekaa kwenye gari akisubiri kugongwa, basi na aende akakae kidogo kwenye nyumba isiyokuwa na magurudumu. Mama mkwe, aliyeishi nao, alisema yeye hapingi wala haungi mkono, ila mwanamke mwenye heshima zake haogi mbele ya nchi nzima. Wakamweleza kwamba bafuni hakuna kamera.

"Wanasema hivyo," akajibu mama mkwe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Breki alizoea kuamka kabla ya wenzake, akafagia ua, akakaa kizingitini kunywa chai peke yake, kitu ambacho nyumbani hakukipata. Alizoea hata kile kibetri cha kinasa sauti walichomfunga kiunoni, kilichopata moto mgongoni kama mtoto mwenye homa. Na alipata rafiki. Huyo alikuwa kijana mwenye kiduka cha kunyoa nywele, ndiyo maana mle ndani wote walimwita Kinyozi, na maneno yake yalikuwa yale ya kumtoa nyoka pangoni. Alimwita Breki dada, na baada ya siku chache hakuna aliyekumbuka kwamba si dada yake kweli. Waliosha vyombo pamoja. Usafi wa choo ukimwangukia mmoja, mwingine alikwenda kumshikia ndoo.

Wiki ya nne ndiyo iliyoharibu kila kitu. Washiriki walishindwa mchezo mmoja wa kipuuzi wa kuhamisha maji kwa kijiko, na adhabu ikawa jokofu kupigwa kufuli. Vyakula vilipangwa kwenye rafu ya jikoni, yakiwemo mayai sita, na wote waliobaki wakakubaliana kwamba mayai hayo ni ya Jumapili. Rafu ilitazamana na dirisha, na kufika saa nne asubuhi jua lilikuwa linaipiga moja kwa moja. Breki alipoamka aliyaona mayai pale, akaona hayafiki Jumapili. Akayatia kwenye bakuli, akayapeleka stoo, kabati la chini kabisa, mahali penye ubaridi. Wenzake walipoamka akawaeleza alikoyaweka. Wakamwambia amefanya vizuri.

Jioni kabati lilikuwa tupu. Palizuka kizaazaa ambacho hata yeye hakuamini watu wazima wangeweza kukizusha kwa ajili ya mayai. Kila mtu aliapa. Mmoja aliapa kwa mama yake, mwingine akamkumbusha kwamba juzi alisema mama yake alishafariki. Na kwa kuwa Breki ndiye aliyeyahamisha, macho yote yalimgeukia yeye. Alijitetea hadi sauti ikakauka, kisha akatoka kwenda kukaa uani. Kinyozi akamfuata, akamshika bega.

"Mimi najua si wewe, dada," alimwambia. "Wengine wafikiri wanavyotaka."

Breki alimshukuru kutoka moyoni. Wiki hiyohiyo akatolewa kwa kura nyingi mno, naye akajiambia ndiyo mchezo, alikuwa amechoka na angekwenda kulala kitandani kwake. Lango lilipofunguliwa alikuta umati umemsubiri. Watu walikuwa wameinua juu trei tupu za mayai, wanacheka na kupiga miluzi, na mtoto mmoja alikuwa amevaa kofia ya manyoya ya kuku.

Mume wake alimweleza njiani, akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Televisheni ilimwonyesha Breki alfajiri, anatembea kwa vidole vya miguu ili asiamshe watu, bakuli la mayai kifuani, na chini yake wamepiga muziki ule wa wezi. Kabati halikuonyeshwa. Maelezo aliyowapa wenzake asubuhi hayakuonyeshwa. Kilichofuata baada ya bakuli ni picha ya Breki akijifuta mdomo kwa mkono, picha aliyoitambua mara tu alipoiona: ilikuwa siku nyingine kabisa, alikuwa ametoka kunywa maji. Ukizitazama picha hizo zikifuatana, hata yeye mwenyewe angejihukumu.

Basi akaanza kueleza. Alimweleza muuza duka aliyemwambia kwa utani alipe kwanza ndipo ashike mayai. Alimweleza nesi, alimweleza fundi viatu, alimweleza mkaguzi wa mtihani wa udereva aliyemwita kando mbele ya wanafunzi wake, naye Breki akadhani anaitiwa jambo la kazi. Mwishowe akagundua kwamba mtu anayeeleza habari za mayai anaonekana mwizi kuliko asiyeeleza. Akajaribu kunyamaza. Watu wakasema kumbe kweli, mbona hakani.

Tajiri wa shule ya udereva alifurahi kupita kiasi. Wateja waliongezeka, kila mtu akitaka kufundishwa na yule wa kwenye televisheni, na asubuhi moja Breki alikuta mlango wa gari umechorwa yai lililoshika usukani, na chini yake maneno: JIFUNZE NA MAMA MAYAI. Alimwambia tajiri afute. Tajiri akasema rangi imemgharimu. Breki aliendesha gari hilo mji mzima, yai ubavuni, akipigiwa honi na watu waliodhani wanampongeza.

Yote hayo angeyameza. Lililomkaa kooni ni la binti yake. Shuleni walimpa jina la Kifaranga. Mwanzoni mtoto hakuelewa, akaja nyumbani akiwa amefurahi kwamba amepata jina zuri. Alipokuja kuelewa, aliacha kula mayai kabisa, na akaanza kumwomba baba yake ndiye aende kwenye vikao vya wazazi.

Kwa hiyo miaka miwili baadaye, kipindi kilipotangaza msimu wa waliowahi kutolewa, Breki alikubali hata kabla hawajamaliza kumweleza. Mume alimuuliza anafuata nini. Akasema anafuata jina lake. Dada yake tayari alikuwa amefungua ukurasa wa mashabiki na kuuza fulana zenye picha ya yai, na alipogombezwa alishangaa kwa dhati: alidhani anasaidia.

Mpango wa Breki ulikuwa mwepesi. Angekaa kwa adabu, jikoni asingekanyaga, na watu wangeona kwa macho yao mtu aliyelelewa. Siku ya kwanza tu, waandaaji wakamkabidhi funguo za jikoni na kumfanya mpishi mkuu. Wiki ya pili mchezo ukawa wa kukimbia na yai kwenye kijiko. Kinyozi, ambaye naye alikuwa amerudishwa, alicheka naye walipokuwa peke yao, akamwambia asijali, watachoka.

Nyumba ile ilikuwa na chumba kimoja kidogo chenye kiti kimoja na kamera moja, mshiriki akiingia humo anaulizwa maswali na sauti isiyoonekana mwenyewe. Kila alipoingia Breki, sauti ilimuuliza habari za mayai. Aliulizwa kwa upole, akaulizwa kwa ukali, akaulizwa kama jambo lililopita. Alijibu vilevile kila mara: mayai niliyachukua, nikayaweka kabati la chini ili jua lisiyaharibu. Mara ya mwisho alijibu huku amesimama, mkono hewani, uvumilivu umemwisha. Televisheni ikarusha maneno mawili ya kwanza. "Mayai niliyachukua." Nchi ikapata ilichokuwa ikingoja, na wengine walisema angalau sasa ametubu.

Na kana kwamba hilo halitoshi, likaja la kumbatio. Kinyozi aliletewa habari kwamba mama yake amelazwa hospitali. Alikaa chini ukutani akashindwa kuzungumza, Breki akamkumbatia kama mtu yeyote mwenye moyo angefanya, kisha akaenda kumchemshia maji ya kunywa. Kumbatio lile lilionyeshwa wiki nzima. Walilionyesha kutoka mbele, kutoka juu, kutoka nyuma ya pazia, polepole, na kinanda kinalia. Mtu aliyekosa vipindi viwili angeamini walikuwa wameshikana tangu Jumanne.

Alipotoka msimu ule, mume alimpokea mlangoni, akamwandalia chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yake yalikuja baada ya siku mbili, akiwa chini ya sinki la jikoni kwao anakaza bomba.

"Najua hakuna kitu," alisema bila kutoka chini ya sinki. "Lakini kazini wananiuliza shemeji yangu Kinyozi hajambo. Kila nyumba ninayokwenda kuzibua choo, wananiuliza."

Breki alimjibu kwamba hata yeye amechoka, na kwamba kama anataka kukasirika akasirike tu.

"Sikasiriki. Ila hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Wale wanakutaka ukasirike, nawe unawapa kila siku. Usirudi tena."

Aliahidi hatarudi. Na kwa kweli hakuwa na haja tena, kwa sababu malipo ya msimu wa pili, pamoja na akiba yake, yalitosha gari dogo lililotumika. Akatengenezewa pedali ya pili, akaacha kazi kwa tajiri, akaanza kufundisha kwa jina lake. Gari lilikuwa jeupe, halina mchoro wowote. Kwa miaka mitatu alifanya kazi yake. Jina la Mama Mayai halikufa, ila lilipungua makali, kama kisu kinachotumika kila siku. Kinyozi alimpigia simu kila sikukuu kumsalimia, akamnyoa mume wake bure, na duka lake likakua hadi vyumba viwili.

Halafu Madamu akaja.

Madamu alikuwa mwandaaji mkuu wa Paa Moja, mwanamke aliyevaa miwani ya jua juu ya kichwa hata mvua ikinyesha. Alimvizia Breki asubuhi mbele ya nyumba, akafungua mlango wa gari, akakaa kiti cha mwanafunzi. Alisema wanaandaa msimu mkubwa kuliko yote na bila yeye haunogi. Breki alimwomba ashuke, mwanafunzi anangoja. Madamu hakushuka. Alisema mkanda wa siku ile ya mayai wanao, wote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na picha za kamera ya stoo. Akikubali kurudi, siku ya hitimisho watauonyesha moja kwa moja mbele ya nchi nzima.

Breki hakujua hata kama stoo ilikuwa na kamera. Alikaa akitazama kioo cha mbele. Miaka mitano alikuwa amejiambia kwamba ukweli wa jambo lile umepotea kama kitu kilichoanguka baharini. Kumbe upo kwenye droo ya mtu.

Alimwambia aliandike hilo kwenye mkataba. Likaandikwa. Mume aliposikia, alivua miwani yake ya kuchomelea, akamtazama, akaivaa tena, akaendelea na kazi. Mama mkwe alisema haya, safari hii walau uhakikishe bafuni.

Breki aliyeingia msimu wa tatu hakuwa yule wa kwanza. Alikuwa amejifunza jinsi wanavyokata, hivyo hakutoa sentensi inayokatika. Akiulizwa kuhusu mayai, jibu lake lilianza kwenye kabati na kuishia kwenye dirisha, na neno "niliyachukua" hakulitamka kamwe. Kisha fundi wa sauti, aliyekuwa akimfunga kibetri kiunoni, akamlalamikia kwamba jana redio ya jirani imewaharibia kazi ya saa nzima. Nyimbo za redioni zina wenyewe, alisema, na kituo hakiruhusiwi kuzirusha bila kuwalipa. Breki alilishika hilo. Tangu siku hiyo, kila alipoona kamera zinamfuata kwa jambo asilolipenda, aliimba. Aliimba nyimbo zilizokuwa zikivuma, zote, kwa sauti ya mtu ambaye hakujaliwa sauti. Wakimgombanisha na mwenzake, anaimba. Akiulizwa swali la kijinga, anaitikia kwa kiitikio. Kinyozi, ambaye naye alirudishwa tena msimu huo, akaungana naye, akapiga ngoma kwenye sufuria, na wote wawili walicheka mpaka wakashika mbavu. Zilikuwa siku zake za furaha kuliko zote mle ndani.

Madamu alimwita pembeni akamwambia kwa ulimi wa asali kwamba anawanyima kipindi. Breki akamjibu kwamba yeye anaimba tu, mtu hakatazwi kuimba. Alifika kwenye watatu wa mwisho. Zawadi akaichukua mwingine, msichana mpole aliyekuwa akilala muda mwingi, na Breki hakuumia hata kidogo. Alikuwa anangoja jambo moja.

Siku ya hitimisho ilifanyika ukumbini, mbele ya watazamaji, na washiriki wa misimu yote walikaa kwenye makochi meupe. Mume wake alikuwa mstari wa kwanza, kavaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, na pembeni yake binti yao, sasa msichana mrefu mwenye aibu ya umri wake, na mama mkwe na mkoba wake mapajani. Dada yake alikuwa amesimama kwenye ngazi, anarekodi. Kinyozi alikuwa amekaa kochi moja na Breki, na mtangazaji alipotaja mkanda wa mayai, Breki alihisi kochi linatikisika. Alimtazama Kinyozi akidhani anaumwa.

Picha zikaanza. Breki alijiona anatembea kwa vidole, anafika stoo, anainama, anaweka bakuli kabatini, anafunga. Watu ukumbini wakaguna. Mume wake aliinamisha kichwa. Breki mwenyewe machozi yalimlenga, na kwa muda mfupi, labda pumzi mbili, alikuwa mtu mwenye raha. Halafu mkanda ukaendelea. Mchana, wenzake wote wako uani kwenye mchezo, yeye yumo kwenye chumba cha kiti kimoja anaulizwa maswali. Mlango wa stoo unafunguliwa na Kinyozi anaingia. Anachukua birika la umeme, anatia mayai yote sita humo, anayachemsha. Anayala amechutama nyuma ya gunia la mkaa, la kwanza, la pili, hadi la mwisho, anamenya haraka, maganda anayatia kwenye soksi yake.

Ukumbi ulilipuka. Kinyozi alikuwa ameshika uso kwa mikono. Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti, naye akalia, akasema alikuwa na njaa, alikuwa mdogo, aliogopa. Alilia vizuri sana. Wanawake wa mstari wa pili walianza kumpangusia machozi kwa mbali, kwa kujipangusa wao.

Breki hakulia wala hakuimba. Alimgeukia, akamuuliza swali moja, si kwa hasira bali kama mtu anayetaka kuelewa gari limezimikaje. Alimuuliza mbona miaka yote hiyo hakusema, hata kwake tu, hata kwa simu.

"Niliona wewe unaweza kuyabeba, dada," Kinyozi alisema. "Wewe mtu mgumu. Mimi nisingeweza."

Na la kuudhi ni kwamba alisema kweli. Breki alilijua hilo wakati uleule analisikia, na ndilo lililomuuma kuliko mayai, kuliko Kifaranga, kuliko lile yai la mlangoni. Yule mtu aliyemshika bega uani na kumwambia "mimi najua si wewe" alikuwa kweli anajua. Hakuna aliyekuwa na uhakika kuliko yeye.

Nyuma ya jukwaa alimkuta Madamu anapongezwa na watu wake. Alimuuliza walijua lini. Madamu alisema tangu siku ileile, kamera ilikuwapo, wote chumba cha kukata mikanda walijua. Akaongeza kwamba kipindi si mahakama, dada, na angalia mwisho ulivyokuwa mzuri. Breki alimtazama ile miwani ya kichwani, akatafuta neno la kumwambia, akaona maneno yote aliyonayo ni ya kupewa mtu mwenye masikio. Akaenda kumtafuta mume wake.

Walikuwa garini, wamekaribia nyumbani. Ndipo mama mkwe akakohoa.

"Nimeona, mwanangu. Hukuyala," alisema. "Lakini na wewe, uliyahamisha ya nini?"

Binti akacheka kwanza, kisha mume, na Breki akajikuta anacheka naye kwa hasira, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya.

Katika wiki mbili nchi ilikuwa imemsamehe Kinyozi. Mlango wa duka lake ulikuwa na foleni, watu walipiga naye picha wakiwa wameshika mayai, na tangazo la birika likamtafuta. Breki naye walimwomba radhi, kwa namna yao. Walishusha vioo vya magari wakapaza sauti: "Mama Mayai, pole!" Jina lilibaki palepale. Dada yake alichapisha fulana mpya zenye neno HAKUYALA, na safari hii hakugombezwa, kwa sababu Breki alikuwa amekata tamaa naye tangu zamani, na kukata tamaa na dada ni namna mojawapo ya kumpenda.

Kinyozi alikuja nyumbani siku moja mchana, bila kamera. Alisimama getini na maneno aliyokuwa ameyapanga. Breki aliyasikiliza yote bila kufungua geti na bila kumkatisha. Alipomaliza, alimwambia amesikia. Kinyozi akauliza kama wamepatana. Breki alifikiri kwa uaminifu, akamwambia hapana, bado, na huenda isitokee, lakini asije tena na maneno ya kupanga. Mume wake tangu hapo ananyolewa kwingine, na ananyolewa vibaya.

Watu wa Paa Moja waliporudi kumtafuta kwa msimu mwingine, yeye na Kinyozi wakae chumba kimoja, Breki hakuwaacha wamalize. Aliwaambia yuko kazini.

Na kweli alikuwa kazini. Mwanafunzi wake wa wakati huo alikuwa mzee mstaafu wa posta aliyeamua kujifunza gari baada ya mke wake kukataa kumpeleka popote. Mzee huyo hakuwa na televisheni, alisema inamuumiza macho. Alimwita mwalimu, akaeleza kila kosa lake kwa kirefu kabla ya kulifanya, na kuegesha gari katikati ya mawili kulimshinda wiki hadi wiki. Alikuwa anamtia Breki wazimu. Siku moja, akiwa amesimama kwenye mlima na gia ya tatu, nyuma magari yanapiga honi, mzee alitulia akamuuliza kwa heshima kama amewahi kufanya kazi nyingine yoyote maishani.

"Hapana, mzee," Breki alimjibu. "Kanyaga klachi. Yote. Hiyo ni breki."